Muuguzi Aliyesubiri Kusalimiwa

Katika miaka yote niliyomfahamu hakunisalimia barabarani hata mara moja. Tulikutana sokoni Kadutu, tukakutana mlangoni mwa kanisa, tukakutana kwenye ngazi za udongo zinazoshuka mtaani kwetu, pale ambapo mvua ikinyesha hata watu waliogombana hushikana mikono wasiteleze, naye alinipita kama anavyopita nguzo ya umeme. Sasa amehama Bukavu, na kila nikipanda ngazi zile macho yangu yanamtafuta. Nina hamu ya kupitwa naye tena.

Mtaa mzima ulimwita Titulaire. Hicho ndicho cheo cha muuguzi anayeongoza kituo cha afya, na mji una vituo vingi, lakini kwetu ukitaja Titulaire bila kuongeza neno kila mtu alijua unamsema nani. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na siku zote alitembea kama aliyeacha chungu motoni. Blauzi yake nyeupe ilikuwa na mikunjo ya pasi hata katika zile wiki ambazo umeme hauonekani. Kalamu aliichomeka kwenye nywele, kisha akaitafuta mezani huku akiwagombeza wanafunzi wa uuguzi kwamba wamemwibia.

Wasiomjua vizuri walisema anajisikia. Huku kwetu mtu akikupita bila salamu ni kama amekutukana, maana salamu si neno moja. Utaulizwa nyumba, watoto, mvua ya jana, mguu uliokuwa unauma, na ukikatisha katikati umekosa adabu. Titulaire alipita katikati ya hayo yote akitazama mbele. Sababu yake ilikuwa rahisi. Watu wote walijua kwamba ndiye anayewatunza wenye virusi vya ukimwi, na wengine walimwita maman wa sida bila hata kupunguza sauti. Angesimama asubuhi kukuuliza hali mbele ya watu, jioni majirani wangekuwa wameshakutengea kikombe chako.

Kwa hiyo alikuwa na sheria, na sheria hiyo alikupa siku ya kwanza, kabla hajakueleza dawa.

"Sikia, mutoto yangu. Inje ya hii mulango, miye sikujui. Nikikupita usikasirike. Siku weye mwenyewe utapenda batu bajue kama tunajuana, weye njo utanisalimia wa kwanza. Miye nitaitika. Mbele ya ile siku, hapana."

Najua ilimuuma kuishi hivyo, kwa sababu sijaona mtu aliyependa maneno kama yeye. Alijua harusi ya nani ilikosa bia, padri gani anahamishwa, na msichana gani wa Nyawera ameanza kushushwa na gari asilolijua baba yake. Ukikaa naye anakupima presha unatoka na habari za nusu ya mji. Lakini za watu wake, sisi wa dawa, hata ungembembeleza kutwa nzima usingepata kitu. Dada yake mwenyewe aliwahi kulalamika mbele yangu, bila kujua mimi ni nani, kwamba Titulaire ni shimo: mambo yanaingia na hayatoki. Nilicheka pamoja naye nikiwa na dawa zangu ndani ya mfuko.

Nilifika kwake nikiwa na mimba ya Nsimire, binti yangu. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka Luhwindja alikokuwa akichimba dhahabu, amekonda hata suruali anaifunga kwa kamba, na alikufa kabla tumbo langu halijaonekana. Nilikwenda kupima mimba kama wanawake wote, wakanitoa damu, na Titulaire akaniita nyuma, kwenye chumba cha kuwekea vyandarua. Aliniambia kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu kwamba ana minyoo. Nikalia. Aliniacha kidogo, kisha akanisogezea kikombe cha maji na kidonge.

"Kunwa kwanza. Kulia, utalia nyuma."

"Na mutoto, naye iko nayo?"

"Hii ugonjwa iko yako. Ya mutoto haiyaandikwa bado. Ukinwa kila siku, tutamukinga."

Maneno hayo ya kunywa kwanza alimwambia kila mtu, na si kwa vidonge tu. Mwanafunzi aliyefeli mtihani alipewa chai na amri hiyohiyo. Hata yule mwanamume mkubwa, dereva wa lori, aliyepiga magoti akimwomba aseme kwamba kipimo kimekosea, alipewa maji, akanywa, kisha ndipo akaruhusiwa kulia, na Titulaire akalia naye. Hilo nalo watu hawakulijua. Mkali vile, mwenye kufokea wanafunzi hadi wanaangusha sindano, alikuwa na machozi ya karibu. Na sindano zenyewe, ukitaka kujua, alikuwa anaziogopa. Siku wauguzi wa kituo walipochanjwa wote pamoja, yeye alifumba macho, akamshika mwanafunzi mkono kwa nguvu hadi yule msichana ndiye aliyepiga kelele.

Mimi sikuogopa kufa. Nilimwogopa mama mkwe. Nyumba ilikuwa yake, iliyoachwa na marehemu mumewe, naye alikuwa anauza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya mlango, ameketi kwenye kigoda chake, anaona kila anayeingia na kutoka. Ulimi wake ulijulikana hadi Bagira. Jirani mmoja wa chini alipogundulika kuwa anatumia dawa, mama mkwe alisema kwa sauti ya kusikika na jirani mwenyewe: "Chai ya ule mwanamuke miye siwezi kunwa hata kidogo." Nilikuwa nakoroga bugali. Nikaendelea kukoroga. Mjane asiye na baba wala kaka mjini, akijulikana ana virusi, anatolewa nje na godoro lake, na mtoto anabaki kwa babu na bibi. Nilikuwa nimeliona jambo hilo likitendeka. Hicho ndicho nilichokilinda miaka yote: kulala chini ya paa moja na Nsimire.

Titulaire hakuniambia niwe jasiri. Alinipa pamba.

Chupa ya dawa hizi ni ya plastiki, na vidonge vikipungua vinalia ukitembea. Mlio huo, mtu anayeujua anaujua. Titulaire alikuwa anafungua kila chupa kabla hajakukabidhi, anakata donge la pamba, analisukuma ndani kwa kidole, anafunga, kisha anaitikisa karibu na sikio lake kichwa kimeinama. Ikinyamaza ndipo anakupa. Alifanya hivyo kwa kila mgonjwa, hata foleni ikiwa ndefu, hata mkubwa fulani kutoka ofisi ya afya alipokuja kukagua na kumwambia anaharibu pamba ya vidonda. Alimjibu kwa heshima zote, "Ndiyo, Papa, umesema kweli," na alipoondoka akaendelea. Pamba nyingine alikuwa anainunua mwenyewe.

Kabla sijafika kwake, wauguzi hawakuruhusiwa kuanzisha dawa hizi. Ilibidi ushuke hadi hospitali kubwa umsubiri daktari, ukae kwenye benchi ambalo mji wote unajua ni la nani. Titulaire wakati huo alikuwa muuguzi wa A2, yaani aliyesoma shule ya sekondari ya uuguzi tu, na kazi yake ilikuwa kuwapima wagonjwa uzito na kuwaandikia waende kule. Wengi hawakwenda. Baadaye walianza kuwafundisha wauguzi kufanya kazi hiyo wenyewe, naye akaitwa kwenye mafunzo. Alirudi na kabegi kapya na hasira mpya. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulichukua benchi lililokuwa limetayarishwa kwa ajili yetu na kulitupa nyuma ya choo. Kuanzia siku hiyo wa malaria, wa mimba, wa kikohozi na sisi tulikaa mstari mmoja, na hakuna aliyejua nani amekuja kwa nini.

Kilichompeleka shule tena ni jambo la maziwa. Katika mafunzo ya zamani walimwambia awashauri akina mama wenye virusi waachishe watoto kunyonya mapema, naye akatushauri hivyo kwa moyo wote. Watoto kadhaa waliharisha sana, na mmoja alikufa. Kisha maelekezo yakabadilika: mama anayekunywa dawa vizuri anyonyeshe. Wengine wangebadilisha maneno kimyakimya. Titulaire alituita mmoja mmoja kwenye chumba cha vyandarua na kutuambia kwamba alichotufundisha mwanzoni hakikuwa sawa. Kwa mama wa yule mtoto alikaa mchana mzima. Alitoka pale akaenda kujiandikisha kwenye masomo ya A1, ngazi ya diploma, mwanamke mwenye mvi, akakaa na vijana wa umri wa watoto wake. "Sitaki tena kuambiwa tu," alinieleza. "Nataka nijue juu ya nini inakuwa hivyo." Mwaka wa kwanza alifeli. Alitutangazia wote, akacheka, akarudia.

Alipopata diploma hakubadilika, ila alianza kupokea wauguzi vijana kutoka kila upande, kuwafundisha. Daktari alipokuja kwa zamu walibishana naye juu ya wagonjwa, mara huyu ana haki, mara yule, na mwisho walikula sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pamoja kwenye sahani moja.

Siku ya kipimo cha mwisho cha Nsimire nitaisimulia hadi nizeeke. Mtoto alikuwa anatembea tayari, anavuta vyandarua kutoka kwenye maboksi. Titulaire aliingia, akafunga mlango kwa kisigino, akanionyesha kidole kikigeuka huku na huku: hapana, hana. Nje watu walikuwa wamejaa. Aliweka kiganja mdomoni akaanza kucheza, bila muziki, bila sauti, kiuno kikizunguka kama wanavyocheza wamama wa harusi, blauzi nyeupe ikipepea kati ya maboksi. Nami nilicheza. Tulicheza tukiwa tumeziba midomo, na Nsimire akatutazama kama watu waliorukwa na akili.

Kulikuwa na mambo yake mawili au matatu ambayo sikuyaelewa. Nilikuwa wa mardi, yaani Jumanne. Kila aliyetumia dawa alikuwa na siku yake, na yangu ilikuwa mardi tangu mwanzo. Siku moja aliniambia nihamie jeudi, Alhamisi. Nilimwambia mardi inanifaa, maana karibuni mama mkwe alikuwa ameanza kwenda sala ya umoja wa wajane siku hiyo, naweza kutoka bila kuulizwa.

"Mama Nsimire, nimesema jeudi. Mardi sitaki kukuona hapa, hata kama unakufa."

Nilikasirika. Siku nyingine nilikuja mardi hata hivyo, kwa kuwa mtoto alikuwa na homa, naye akanisukuma chumba cha vyandarua, akanifungia humo, akanitoa baada ya muda mrefu bila maelezo. Nilidhani uzee umeanza kumchanganya.

Halafu zikaja siku zile za risasi mjini. Maduka yalifungwa, kituo kilifungwa, watu wakakaa chini ya vitanda. Chupa yangu ilikuwa inaelekea mwisho, na niliisikiliza kila jioni, ingawa haikulia. Asubuhi moja palipotulia kidogo mtu alibisha hodi. Mama mkwe akafungua. Mlangoni alisimama mama wa sombe, amejifunga kitenge kichwani hadi kwenye nyusi, beseni la majani ya muhogo kichwani. Alikuwa Titulaire.

"Sombe, Maman. Iko fungu mbili tu imebakia. Moja ya kwako, moja ya huyu mukwe yako."

Mama mkwe hakubishana hata kidogo, jambo ambalo si kawaida yake. Alipokea fungu lake, akanipa langu. Nilikimbia nalo jikoni, nikapasua majani, na katikati ilikuwa chupa, imejaa, imenyamaza. Mama mkwe alilipeleka lake chumbani kwake, akisema jikoni kuna panya. Nilikuwa na haraka mno ya kuficha yangu, sikujiuliza ni panya gani anayekula sombe mbichi. Titulaire alikwishaondoka, anaita sombe njiani kwa sauti ambayo hakuna muuza sombe angekuwa nayo siku ile.

Alistaafu muda si mrefu baada ya hapo, akaenda kisiwani Idjwi kulima mananasi. Hakukuwa na sherehe. Jeudi moja nilikuta kwenye kiti chake muuguzi kijana, mmoja wa aliowafundisha, mpole, mwerevu. Alinipa chupa ikiwa na pamba. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikakosa pa kuuweka moyo wangu.

Nilidhani nitazoea. Kisha biashara ya vitenge ikanipeleka Kalehe, mvua ikakata barabara, dawa zikaniishia huko. Nilikwenda kwenye kituo kidogo cha afya nisikojua mtu. Muuguzi, kijana mwanamume, aliniuliza maswali, akafungua kabati, akatoa chupa. Kabla hajanipa aliinama chini ya meza, akakata donge la pamba, akalisukuma kwa kidole, akaitikisa karibu na sikio, kichwa kimeinama. Nililia palepale. Alishtuka, akanimiminia maji.

"Kunwa kwanza, maman," akasema. Nikalia zaidi.

Niliporudi nilikuwa na hamu ambayo haikunipa raha. Hakuwa mama yangu, hakuwa rafiki yangu mbele ya watu, hakuwahi kula kwangu. Alinilindia mtoto na nyumba, na mimi sikuwahi kumwambia jambo mbele ya watu. Nilitaka kumwambia jambo la kawaida tu, kama watu wanavyoambiana njiani.

Nikamwona msimu uliofuata. Mama mkwe na mimi tulishuka bandarini asubuhi kununua sambaza, Nsimire akiwa shuleni. Boti la Idjwi lilikuwa limefika, watu wanashuka wamevua viatu, na kati yao mwanamke mfupi mpana wa mabega, bila blauzi nyeupe, kikapu cha mananasi kichwani. Alikuwa anachechemea. Nywele zote nyeupe, na ndani yake, nakuapia, kalamu.

Alituona. Macho yake yalitupita, yakaenda mbele kwenye nguzo ya bandari, na miguu ikafuata. Alikuwa mstaafu, mkulima wa mananasi, na bado anajifanya hajawahi kutuona.

Wauza samaki walikuwa wanamfahamu. Mmoja alishaanza kumnong'onezea mwenzake maman wa sida. Mama mkwe alisimama karibu yangu, bega kwa bega. Nikisalimia sasa, ataniuliza nimemjua wapi, na jioni nitakuwa nje na godoro langu. Nikinyamaza, boti litamrudisha kisiwani na sijui kama goti lile litamleta tena. Alikuwa ameshatupita.

"Jambo, Maman Titulaire!"

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Titulaire alisimama. Aligeuka taratibu akishika kikapu, na hakunitazama mimi. Alimtazama mama mkwe, kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, hata siku za risasi.

Mama mkwe aliweka beseni chini. Alikaza kitenge kiunoni kama anavyofanya akitaka kugombana na mtu, na nikafumba macho.

"Jambo, Titulaire," akasema. "Siku mingi. Mananasi inaendelea?"

"Jambo, banangu," Titulaire akajibu. "Inaendelea. Inaendelea sana. Na batoto? Na nyumba? Na ile mvua ya juzi, haikubomoa kitu?"

Aliuliza yote. Miaka yote ya salamu alitulipa pale kwenye matope, mguu, makala, masomo ya Nsimire, na sisi tukajibu moja moja, huku wauza samaki wakitukodolea macho. Alitupa nanasi kubwa kuliko yote. Kisha mteja akamwita, akaenda akichechemea, na mara mbili akageuka kututazama.

Tulipanda kilima na nanasi letu. Kwenye ngazi za udongo mama mkwe alinishika mkono, ingawa hapakuwa na mvua.

"Weye uko wa siku gani?" akaniuliza.

"Jeudi."

Alipanda ngazi kadhaa kwanza.

"Miye niko wa mardi," akasema. "Dawa, nilianza kunwa mbele hata ya bwana yako kufa."

Jioni hiyo aliitoa chupa yake chumbani akaiweka mezani, pembeni ya nanasi. Nami nikaleta yangu. Akafungua, akavuta pamba kwa kucha, akaitikisa chupa karibu na sikio langu, kwa nguvu, vidonge vikalia nyumba nzima. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaanza kulia, nami nikamsogezea kikombe cha maji.

Nsimire akauliza kutoka jikoni ni nini inalia vile.

"Kuya hapa," bibi yake akamwambia, akimsogezea kigoda. "Kuya, ikala na sisi."

Nilitamani Titulaire angekuwepo asikie.